Mahali pa Kyungu katika Wimbo wa Sita

Ndugu yangu aliniomba jambo moja tu katika maisha yake, nami nilimkatalia mara tatu. Mara mbili nilimkatalia usoni. Mara ya tatu alimtuma mke wake, nikamrudisha na jibu lile lile. Alitaka niimbe naye wimbo mmoja. Naandika haya kitambaa cheusi kikiwa bado kichwani, ili watoto wake, na watu wanaozitafuta nyimbo zake sokoni hapa Kamina bila kumjua, wajue alikuwa mtu gani na kwa nini wimbo wake wa mwisho una nafasi tupu katikati.

Jina lake ni Kabange Ambroise. Mimi ni Kyungu Suzanne. Kwa Mluba majina hayo hayahitaji maelezo, kwa maana ni ya mapacha, ambao sisi tunawaita mapasa. Anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na tangu siku hiyo wazazi wetu walipoteza majina yao. Watu waliwaita Baba Mapasa na Mama Mapasa mpaka wakazikwa.

Mapasa wana desturi zao, na kubwa kuliko zote ni hii: kitu hakitolewi kimoja. Anayempa Kyungu anampa na Kabange, kitu kile kile, saa ile ile. Mjomba akileta samaki mkavu kutoka Kinkondja, alileta wawili wa urefu mmoja. Hata nilipochapwa, mama alimwita Ambroise naye aje apate lake, kofi dogo la kukamilisha desturi. Tulipokuwa wakubwa alikuwa akinitania mbele ya watu.

"Minyi nilikula fimbo zako zote, Yaya. Ningekuwa mufupi sana bila dhambi zako."

Kwetu minyi ni mimi, na yaya ni ndugu mkubwa. Nilimtangulia kwa nusu saa, lakini aliniita hivyo kwa heshima yote kana kwamba nilimtangulia kwa miaka kumi.

Nyanya yetu aliishi Mulongo, ng'ambo ya mabwawa. Kila alipotutembelea alituweka katikati ya wanawake, akaanzisha nyimbo za mapasa. Asiyezijua atashangaa. Ni nyimbo za kumtania mama aliyezaa wawili, tena kwa maneno ambayo siku nyingine mtoto angechapwa kwa kuyatamka. Wanawake walimwimbia mama yetu kwamba tumbo lake lilikuwa gunia la mihogo lililofungwa vibaya, naye mama alicheza akicheka, jasho likimtoka. Baada ya matusi, nyanya alinyamazisha wote, tukaimba mimi na Ambroise peke yetu. Wimbo wetu haukuwa na tusi. Kabange alikuwa bado tumboni, gizani, akimwita mwenzake aliyetoka.

"Kyungu uliyetangulia, mlango uko wapi?"

Nami nilijibu:

"Mlango uko penye mwanga. Shika kisigino changu, nifuate."

Naye alimaliza:

"Nimekushika, Kyungu. Usiende mbio."

Baadaye, nilipoanza kuisoma Biblia mwenyewe na kumkuta Yakobo akitoka tumboni na mkono wake umeshika kisigino cha ndugu yake, niliusikia wimbo wetu. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kuokoka, na kanisa letu haliruhusu nyimbo za mapasa. Sababu zake si za kipuuzi. Kuna yale matusi, na kuna ukweli kwamba wazee waliziimba wakiomba pepo pamoja nazo. Nilimaliza sekondari, upande wa ualimu, nikapewa darasa la tatu katika shule ya msingi, na miaka minane iliyopita nilifanywa diakonesse, yaani shemasi mwanamke. Tangu hapo nilivaa kitambaa cheupe kila Jumapili na kukaa benchi la mbele. Nililipenda benchi lile. Nasema kweli, kwa kuwa mbele ya kifo cha ndugu yangu sina haja ya kujipamba.

Ambroise alirithi kazi ya baba. Kila asubuhi alitoka karibu na gare, kituo cha treni, begani amebeba nyundo ya mpini mrefu na spana kubwa, akafuata reli mpaka kwenye nguzo ya kilomita ya kumi na mbili, kisha akarudi upande wa pili. Alikaza bolti zilizolegea. Kila baada ya hatua chache aligonga reli, akasimama kusikiliza. Siku moja nilipokuwa likizo nilimfuata nimpelekee chakula, nikamwuliza anasikiliza nini.

"Reli muzima inaimba," aliniambia. "Ile yenye kupasuka inakohoa. Sikiliza."

Aligonga. Sauti ilikimbia mbali mbele yetu, nyembamba na safi, ikachukua muda mrefu kufa.

"Hiyo njo sauti ya la," akasema, akimaanisha noti ya muziki. "Gitaa yangu ninaipanga na hiyo."

Gitaa lake alilibeba ndani ya gunia la unga wa mahindi. Hakufundishwa na mtu. Alipumzika kwenye ile nguzo, akacheza kidogo, akarudi nyumbani na mistari miwili mitatu kichwani, akaiandika katika daftari la bolti zilizokazwa. Miaka ikapita, treni zikawa chache, nyasi zikaota katikati ya njia. Wenzake wengine waliacha kwenda mpaka mwisho. Yeye aliendelea kutoka kila asubuhi. Jirani mmoja alimcheka hadharani, akamwambia anafagia nyumba ambayo mwenyewe hayumo. Ambroise hakukasirika. Aliufanya ule mzaha kuwa wimbo, na ndio unaofungua albamu yake:

*Reli inaota majani, mke wangu,*
*lakini mimi naikaza.*
*Siku treni itakapokumbuka njia*
*isiseme haikukuta mtu.*

Ni hayo tu. Anayaimba mara mbili, polepole, na gitaa chini yake linatembea kama mtu anayeruka kutoka taruma moja hadi lingine. Waimbaji wengine wangelalamika juu ya treni. Yeye aliimba juu ya kukaza bolti. Nimewafundisha watoto mashairi kwa miaka ishirini, na sijui kama nimewahi kuwapa mistari minne inayobeba mzigo huo bila kugugumia.

Siku aliyonijia mara ya kwanza nilikuwa uani nikisahihisha madaftari. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Yaya, nimepata stidio. Jessé, ule alikuwa anafundisha kompyuta, ametengeneza chumba kwake. Nitaimba nyimbo sita."

"Mungu akusaidie."

"Mungu ananisaidia tayari. Minyi ninaomba weye. Ya sita ni ile ya nyanya."

Niliiweka kalamu chini. "Ambroise, unajua ninavaa nini Jumapili."

"Ninajua. Kitambaa. Sikuomba kitambaa kiimbe."

"Ni wimbo wa mapasa."

"Haina tusi hata moja, Yaya! Tusi yote ilikuwa ya tumbo ya mama, na hiyo sikuitia."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nilimwambia mtu akimwona diakonesse anaimba wimbo wa mapasa, hatauliza kama una tusi au hauna.

"Tulikuwa babili ndani ya tumbo," akasema akisimama. "Hakukuwa diakonesse mule."

Mara ya pili alinivizia nje ya kanisa, mbele ya akina mama wa kwaya, ili nione haya kukataa. Nilikataa bila haya. Kisha akamtuma Nathalie, mke wake, mwanamke mpole asiyependa kubembeleza. Nathalie alisema sentensi moja tu: "Shemeji, anasema bila weye wimbo hauko wake." Nikamwambia amjibu kwamba namwombea.

Mwezi mmoja baadaye alikuja na vikadi viwili vya simu, vile vidogo kama ukucha vinavyohifadhi muziki. Vilikuwa vya rangi moja. Alikiweka kimoja mkononi mwangu, kingine akakirudisha mfukoni mwake. Kitu hakitolewi kimoja. Hakusema lolote juu ya wimbo wa sita, wala mimi sikuuliza. Nilikitia kikadi katika mfuko wa jalada la Biblia yangu, nikafunga zipu. Kilikaa humo karibu miaka miwili, na kila Jumapili nilikibeba kanisani bila kukisikiliza.

Lakini nyimbo haziwezi kufungiwa zipu katika mji mmoja. Swedi, ambaye ana kibanda sokoni cha kunakili muziki kwenye simu za watu, alizisambaza. Niliisikia reli ikiota majani kwa fundi wa baiskeli, na kwa wanawake wa unga. Nilipita haraka. Siku moja mchungaji wetu, Pasta Éliézer, aliniita baada ya ibada. Nilidhani ni makosa, kumbe alikuwa ameusikia wimbo wa tatu, ule wa watu waliokimbia vita upande wa Malemba-Nkulu, ambao wengi wao walilala sakafuni mwa kanisa letu. Kulikuwa na mama mmoja aliyefika na mlango wa nyumba yake kichwani. Wote tulimwona. Tulimpa uji, tukamhurumia, tukasahau. Ambroise hakusahau:

*Alikuja na mlango kichwani,*
*nyumba imebaki nyuma.*
*Tukamwuliza: Mama, utaufungia wapi?*
*Akasema: Nitafutieni ukuta.*

"Mama Suzanne," Pasta aliniambia, "ndugu yako anaandika kama kitabu cha Maombolezo."

Nilifurahi kwa ajili yake mpaka nikashindwa kula. Hata hivyo zipu sikuifungua. Moyo wangu ulinieleza kwamba ni utii. Leo naona utii ulikuwa nusu yake. Nusu nyingine nilikuwa naogopa kusikia mtu mwingine anaimba maneno yangu. Nilikuwa na hakika amemtafuta mwanamke mwingine mwenye sauti nzuri.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, tumbo lilianza kumuuma. Alificha maumivu akaenda kazini siku nne. Walipompasua hospitalini walikuwa wamechelewa, usaha umekwisha kuenea. Nilikaa naye siku tatu kwa zamu na Nathalie. Siku ya tatu asubuhi aliamka akiwa na akili safi kabisa. Aliunyosha mkono, akagonga chuma cha kitanda kwa ukucha, akasikiliza.

"Hii inakohoa, Yaya."

"Ni kitanda njo kinakohoa, ao ni weye?"

"Tuko babili."

Alicheka, na kicheko kilimuumiza. Nikamfuta uso. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama:

"Ile kadi, ulisikia?"

Mtu aliyelala vile huwezi kumwambia ukweli wa miaka miwili. Nikasema, "Nilisikia."

"Zote sita?"

"Zote."

"Na ya sita, ulijibu?"

Sikuelewa. Nilidhani anauliza kama nilipenda, au kama nilimsamehe. Nikasema, "Nilijibu."

Akafumba macho. "Merci, Yaya."

Alifariki siku hiyo hiyo, saa nne za asubuhi, dirisha likiwa wazi na wagonjwa wengine wakinywa chai yao.

Kilio kilikaa nyumbani kwake kambini. Vijana wa reli walifunga bashi, turubai la kivuli, kutoka paa mpaka mti wa mpera, wakaazima viti vya kanisa. Tulilia kama watu wanavyolia. Siku mbili baada ya mazishi Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yetu, alifika kutoka Mulongo kwa mtumbwi na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuketi. Alisimama katikati yetu.

"Nani huyu anamulilia Kabange? Mapasa habaliliwi! Mapasa banaimbiwa. Munataka akasirike akuje kuchukua na huyu?"

Alininyooshea kidole. Ninajua Mungu ndiye anayechukua, wala si marehemu, lakini nakiri nilifuta machozi upesi. Kwaya ikaanza tenzi. Mama Mukubwa alizisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama marehemu mwenyewe hakuwa na nyimbo. Mmoja wa wafanyakazi wenzake alikuwa nazo katika simu. Wakaunganisha na bafle, ile spika kubwa ya kilioni.

Hivyo nilisikia albamu ya ndugu yangu kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo, nikiwa nimekaa juu ya mkeka, siku ya pili baada ya kumzika. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu waliimba pamoja naye, na mimi peke yangu nilikuwa sijui maneno. Ikafika ya sita. Gitaa lilianza sauti ile ile ya la, ya reli nzima. Akaita: *Kyungu uliyetangulia, mlango uko wapi?* Na hapo wimbo ukakatika. Kimya. Simu ikarudi kwenye wimbo wa kwanza.

"Rudisha," Mama Mukubwa akasema.

Wakarudisha. Ukakatika palepale.

"Wimbo huu bameukata. Muntu hawezi kumwita mwenzake halafu asingoje jibu." Akanigeukia. "Kyungu, nani aliukata?"

Kesho yake nilikwenda sokoni kwa Swedi. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani kwa biashara ya chumvi na vitambaa, na yeye bado anauza, ila sasa anauza sauti. Aliponiona alivua kofia yake.

"Mama Diakonesse, pole. Minyi pia nililia."

"Wimbo wa sita, Swedi. Ni weye uliukata?"

Akashika kichwa. "Ni minyi. Uliharibika, Mama. Anaita, kisha sauti inapotea, gitaa inabaki peke yake, muda murefu, kisha sauti inarudia. Bantu bakanirudishia simu zabo: Swedi, umetupatia wimbo wenye ugonjwa! Njo nikakata pale sauti inapotea."

"Na mwenyewe hukumwuliza?"

"Nilimuuliza. Alicheka. Akasema: Kata tu, Swedi. Ile ya dada yangu hutaiweza."

Niliifungua zipu ya Biblia palepale kibandani, kati ya chaja na kelele za soko. Kikadi kilikuwa kimeacha alama ndogo ya mraba katika ngozi ya jalada. Sikutaka kukisikiliza kwa Swedi. Nilikipeleka kwa Jessé.

Jessé alikuwa amebandika trei za mayai kwenye kuta zote za chumba chake ili sauti isirudi. Hakuniuliza nimefuata nini. Alikiweka kikadi kwenye kompyuta, akanipa kiti.

"Hapa njo alikaa," alisema. "Nilimwambia, Mzee Ambroise, tutafute binti wa kwaya akujibu. Akakataa. Nikamwambia basi imba mwenyewe sehemu zote mbili. Akakataa. Akasema, acha mahali pake, atakuja. Sasa, Mama, namna gani mtu anaacha mahali bila kujua urefu wake? Nilimwona kupitia kioo. Alipomaliza kuita, alianza kusema maneno yako kwa midomo, bila sauti. Mpaka pale unapovuta pumzi, yeye alivuta. Tulirudia mara tisa, kwa sababu alisema wewe unaimba polepole kuliko yeye."

Akabonyeza.

Ndugu yangu aliita. Kisha gitaa likabaki peke yake. Halikupiga tuni, lilishikilia tu, chini, kama mtu anayeshikilia mlango kwa mguu ili mwingine apite. Nilisikia pumzi yake. Maneno yangu yalipita katika kimya kile moja baada ya jingine nami sikuyasema. Kisha sauti yake ikarudi, yenye furaha, kama mtu aliyejibiwa:

*Nimekushika, Kyungu. Usiende mbio.*

Mwishoni kabisa kuna milio miwili ya nyundo juu ya reli. Jessé alisema walitembea na mashine mpaka njiani ili kuichukua. Miwili, kwa kuwa kitu hakitolewi kimoja.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la kitandani. Aliniuliza kama nilijibu, na mimi nikasema ndiyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya kumaliza kilio, nilikwenda kwa Pasta Éliézer. Nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu hospitalini. Alivua miwani yake, akaizungusha mkononi.

"Uongo ule ulikwisha kuungama?"

"Kwa Mungu, ndiyo. Lakini niliyemdanganya hayupo."

"Na unataka kuimba kesho."

"Nataka."

"Mama, ukiimba, wazee wa kanisa watakuvua kitambaa. Nitakuwa mimi nitakayekivua. Unajua?"

"Najua, Pasta."

Akavaa miwani. "Kesho nitakuja kusali. Nikimaliza nitatoka kuangalia kama mvua inakuja. Sina uhakika nitaona mawingu mara moja."

Jumamosi alisali vizuri, alisoma Zaburi, kisha akatoka nje ya bashi, akatazama mbingu iliyokuwa safi kabisa kama bakuli. Wengine walicheka chini chini. Nathalie alikuwa kando yangu, amenishika mkono. Nilivua kitambaa cheupe mwenyewe, nikakikunja, nikakiweka juu ya Biblia. Jessé akaanzisha wimbo.

Ambroise aliita. Watu wote wa kambi ya reli walinitazama. Nikafungua mdomo niimbe. Nilikuwa nalia, hivyo tu, kilio kile kilichokatazwa. Gitaa lilingoja kipimo chake alichokipima kwa midomo mara tisa, wala halikungoja zaidi. Nilipopata sauti nikasema "Mlango uko," na yeye akawa tayari ananijibu kwa furaha ile ile: *Nimekushika, Kyungu.* Nilikuwa bado mlangoni na yeye alikuwa amekwisha kupita. Nyundo zikalia mbili.

Sijawahi kujua huzuni kama ile. Hata siku ya kaburi haikuwa hivyo. Kaburini mtu hakujibu, lakini pale alinijibu neno ambalo sikulisema, kama nilivyomjibu mimi hospitalini.

"Rudisha," akasema Mama Mukubwa. Kisha akanisogelea, akanipiga kofi dogo begani, lile lile la mama. "Kyungu, huyu alikungoja miaka mbili. Hawezi kukungoja na leo yote. Imba!"

Watu wakacheka, nami nikacheka na pua imejaa. Jessé akarudisha. Ambroise akaita. Safari hii niliingia:

*Mlango uko penye mwanga. Shika kisigino changu, nifuate.*

Niliyasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, na yalikuwa kinyume. Sasa aliyetangulia ni yeye, na aliye gizani akitafuta kisigino ni mimi. Sauti yangu ilichelewa kidogo, ikamfunika mwanzoni mwa jibu lake. Lakini alinishika. Wote walisikia. Mama Mukubwa alipiga kigelegele kimoja kikavu, akaketi kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaomba maji.

Wazee wa kanisa walinivua kitambaa kwa miezi mitatu. Sikulalamika. Nakaa benchi la nyuma, karibu na akina mama wenye watoto wachanga, na namwomba Mungu anifundishe kusikia mapema. Sijui kama nilikosa mbele zake Jumamosi ile. Nimemwachia yeye.

Jessé aliniambia anaweza kunirekodi, akaitia sauti yangu mahali pale pa wazi ili wimbo ukamilike. Nilifikiri siku mbili, nikakataa. Mahali pale alipapima yeye, na mimi sikufika alipokuwa amekaa akinitazamia. Nilichofanya ni kumpelekea Swedi wimbo mzima. Sasa anawaambia wateja wake kabla hawajauliza: "Hii haina ugonjwa. Pale njo mahali pa dada yake."

Nao watu hawawezi kuacha mahali wazi. Wiki iliyopita nilikuwa nikinunua samaki sokoni, wimbo ukapita kwenye redio ya jirani. Ambroise akaita, na muuza samaki, mwanamke wa Kinkondja asiyenijua kabisa, akaimba sehemu yangu huku akinifungia samaki wawili katika karatasi. Aliijibu vizuri. Alimaliza kabla ndugu yangu hajaanza.

Wengi siku hizi wanaijibu, na wote wanafika kwa wakati. Mimi bado nachelewa kidogo.